Siku Niliyompima Mzee Ireri

Mhariri wa jarida la wafanyakazi alinipigia simu wiki ya pili baada ya mimi kustaafu. Aliniomba kurasa mbili za mawaidha kwa wale wanaoanza kazi: nilianzaje, nilijifunza nini, na uongozi mzuri ni upi. Akaniambia niandike kwa uchangamfu, maana jarida husomwa wakati wa chai. Nikamwambia nitajaribu. Kurasa zimezidi mbili, na uchangamfu nimeutafuta nikaukosa. Asipozichapisha sitamlaumu. Nitawatumia nyinyi wa chumba cha mitambo mimi mwenyewe.

Nilizaliwa nje kidogo ya Laare, mahali ambapo mtoto hujifunza kufunga vibunda vya miraa kabla ya kujifunza kufunga viatu. Nilisomea umeme katika chuo cha ufundi mjini Meru, msichana peke yangu darasani, na nilipomaliza nikasikia kwamba redio mpya inatafuta fundi. Siku hizo kampuni yetu ilikuwa vyumba vinne juu ya duka la dawa. Nyinyi mmeikuta na redio tatu, televisheni, studio mbili za kurekodi, kikosi cha majukwaa na wachekeshaji wanaotembea na walinzi. Sisi tulikuwa na feni moja, na feni hiyo ilikuwa ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, si ya watu.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Fundi Mkuu, mwanamume mrefu wa Embu aliyeitwa Ireri. Tayari alikuwa na mvi, na kila mtu alimwita Mzee. Aliweka gunia miguuni pangu. Ndani mlikuwa na nyaya za maiki zilizosokotana kama matumbo ya mbuzi.

"Zifungue," akasema.

"Zote?"

"Unataka nikufungulie nusu?"

Nilikaa sakafuni kutoka asubuhi hadi saa kumi. Nilipomaliza alizipitia moja moja mkononi, akafumba macho, akanionyesha kwa vidole mahali ambapo waya umevunjika ndani ingawa nje ni mzima. Kisha akaniambia jambo ambalo nimewaambia wengi wenu mkadhani ni langu. "Sauti ikiwa nzuri, watu humsifu mwimbaji. Ikiwa mbaya, watu wote hugeuka kukutazama wewe. Kama hupendi kutazamwa vibaya, rudi kwenu mkauze miraa."

Sikurudi. Alinifundisha kuweka maiki mbele ya kwaya ya akina mama bila kumpendelea mwenye kifua kikubwa. Alinifundisha kunusa waya unaotaka kuungua. Alinifundisha kwamba mitambo yote inayopeana sauti lazima ile umeme kutoka mahali pamoja, kwa sababu ikila sehemu mbili tofauti huvuma, na mvumo huo hauzimwi na maombi. Nilichoma vifaa viwili mwaka wa kwanza. Mara zote mbili aliandika kwenye daftari la matengenezo: "Kimeungua." Hakuandika nani alikiunguza.

Mkurugenzi wetu wa kwanza alikuwa Bi Nkatha, mwalimu mstaafu aliyeanzisha redio ile. Alifika saa moja asubuhi, akaketi kwenye kiti cha mapokezi na kikombe cha uji, na kila aliyeingia alimwuliza swali moja: "Leo nini kinaweza kuharibika?" Ukisema "hakuna," alikurudisha nje ukafikirie. Nisimfanye malaika kwa sababu nimezeeka: alikuwa na wapendwa wake, wengi wao wa kanisa lake, na mtu wa Embu ilimchukua muda mrefu kusikilizwa. Lakini katika nyumba yake mtu aliweza kusema "nimekosea" akabaki na kazi yake na jina lake.

Alipougua, watoto wake waliuza kampuni kwa watu wa Nairobi, na watu wa Nairobi wakatuletea Bwana Kirimi.

Nataka mnielewe kuhusu Bwana Kirimi, kwa sababu nyinyi mmesikia hadithi mkadhani alikuwa mtu wa kufokafoka. Hakuwahi kupaza sauti. Alijua majina ya watoto wetu. Ukifiwa, alikuja mpaka kaburini na viatu vyake vizuri vikaingia matope. Alipenda kusema kwamba sisi si wafanyakazi, sisi ni familia, na kwamba familia huambiana ukweli. Na alileta fedha, tukapata jengo jipya, televisheni, majukwaa. Tulimpenda. Naona aibu kuandika neno hilo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa pili alianzisha kikao cha Jumatatu. Tulikusanyika sote katika studio kubwa. Ile studio ndogo ya watangazaji mnaijua, iliyotenganishwa na kubwa kwa kioo. Yule aliyekosea wiki iliyopita aliingia humo, akafungiwa, akaketi mbele ya maiki. Bwana Kirimi alibaki huku nje pamoja nasi, akamwuliza maswali kwa upole kupitia spika, na sisi tukamtazama akijibu. Baada ya hapo kila mmoja wetu aliombwa kumwambia aliyemo ndani jambo moja "la kumjenga." Tulikiita Kioo. "Wiki hii nani anaingia Kioo?" tulikuwa tunaulizana kwenye ngazi, tukicheka kwa meno ya mbele.

Aibu hufunza haraka kuliko semina, Bwana Kirimi alisema. Ni kweli ilifunza. Ilitufundisha kuficha. Kabla yake, daftari la matengenezo lilijaa kila mwezi. Baada yake lilikaa safi kama la mtoto ambaye hajaanza shule, na wageni kutoka Nairobi walilipitia wakatusifu kwamba mitambo yetu haiharibiki.

Sasa nifike kwa masikio ya Mzee Ireri.

Tulikuwa Embu, katika studio yetu ya kule, tukirekodi kwaya. Nyuma ya kioo kulikuwa na mama mmoja mnene akitikisa kayamba kwa nguvu zake zote. Mzee Ireri alisogeza vijiti vya mikisa, akasimama, akaniuliza bila kunitazama, "Kayamba imeingia?"

Nilidhani anatania. Kayamba ilikuwa inakwaruza masikio yangu.

"Imeingia Mzee. Hata imezidi."

"Mkono wake naona ukitikisika," akasema. "Sauti siisikii."

Tulipomaliza aliniita nje. Akanieleza kwamba ilianza na ndege wa asubuhi, halafu filimbi, halafu simu ya mke wake. Ni miaka ya kusimama karibu na spika za jukwaani. Sauti za watu bado alizisikia, na zile nzito alizisikia vizuri kabisa, lakini zile nyembamba za juu zilikuwa zimekwisha.

"Usiambie mtu," akasema. "Nimebakisha miaka michache. Wewe utakuwa masikio yangu ya juu."

Ndivyo tulivyofanya kazi miaka miwili. Nilisimama mahali anaponiona. Sauti nyembamba zikizidi, niligusa herini ya kulia. Zikipungua, ya kushoto. Hakuna aliyegundua. Watu walisema tu kwamba Kagendo siku hizi anajipenda, haziachi herini zake zitulie. Nami nilifurahia siri ile. Kulikuwa na kitu ambacho Fundi Mkuu hakuweza kufanya bila mimi.

Kisha ikaja sherehe ya kampuni. Uwanja ulijaa, jua kali la mchana, waimbaji kutoka Meru yote, na mwenyekiti wa wamiliki amekuja kutoka Nairobi kuhutubia. Yote yalienda moja kwa moja kwenye televisheni. Asubuhi Mzee Ireri alituita. "Kila kitu kwa jenereta," akasema. "Hakuna kuchomeka kitu kwa jengo." Aliyarudia kwa Kimeru ili wabeba spika nao wasikie.

Kazi yangu ilikuwa meza ya televisheni. Nilichelewa kufika kwa sababu nilipitia saluni, na hilo sijawahi kumwambia mtu. Ekstensheni ya jenereta haikunifikia. Ile ndefu ilikuwa kwenye gari upande wa pili wa uwanja, na gari limezingirwa na watu. Nyuma yangu, hatua tatu, kulikuwa na soketi ya jengo la uwanja. Nilichomeka hapo. Nikajiambia ni kwa muda tu, nitabadilisha baadaye. Waimbaji walipita bila shida kwa sababu walikuwa na sauti kubwa na ngoma. Nikasahau.

Mwenyekiti alipoanza kuongea kwa sauti yake ndogo, mvumo ukatokea. Mnaujua ule mvumo, kama nyuki ndani ya pipa. Ukammeza mzimamzima. Mzee Ireri alikuwa ameinama juu ya mikisa, mbele ya kila mtu, akishusha kijiti kimoja, akingoja, akishusha kingine. Huko ni kutafuta. Anayejua kazi hutafuta namna hiyo. Lakini kwa watu elfu waliokuwa wakitazama, alionekana amesimama tu kama mlingoti.

Mimi nilijua papo hapo. Nilikimbia nikapenya katikati ya watu hadi kwenye gari, nikaja na ile ekstensheni ndefu, nikachomoa waya wa meza kwenye soketi ya jengo, nikauchomeka kwenye jenereta. Mvumo ukakatika. Ilikuwa dakika chache, lakini hotuba ilikuwa imeisha, na mwenyekiti alishuka akipangusa uso.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, Bwana Kirimi aliniita ofisini. Alinimiminia chai yeye mwenyewe.

"Kagendo, wewe ni mtu wa ukweli. Ni nini ilitokea juzi?"

"Bado tunachunguza, Bosi."

"Mimi nilimwangalia Ireri. Mvumo unalia na yeye amesimama tu. Nikajiambia, huyu mzee ni kama hasikii."

Hakuwa ananiuliza. Alikuwa anaongea tu, akikoroga chai. Ningenyamaza, ingepita. Au ningesema maneno manne, "Ni mimi nilichomeka vibaya," na niingie Kioo kama walivyoingia wengine. Hakuna aliyekuwa amekufa humo ndani.

"Masikio yake si kama zamani," nikasema.

Akaacha kukoroga. "Tangu lini?"

"Kama miaka miwili."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nimekuwa nikimsaidia."

Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, taratibu kabisa. "Pole. Umebeba mzigo peke yako. Lakini familia haifichi mgonjwa. Leo tutampima, ajue ukweli wake. Wewe ndiwe utaendesha mashine."

Kile kifaa bado kiko stoo, rafu ya chini. Tulikitumia kupima spika. Kina kitufe cha kutoa sauti na kirungu cha kuzungusha, kutoka mvumo mzito upande wa kushoto hadi filimbi nyembamba kabisa upande wa kulia. Nilikiweka mezani mbele ya kioo. Watu wote walikuwepo, watangazaji, wapiga picha, mhasibu, mpishi. Mzee Ireri aliitwa. Aliingia akidhani ataulizwa kuhusu mvumo. Alikuwa na daftari lake mkononi.

"Weka daftari chini, Mzee," Bwana Kirimi akasema kwenye spika. "Vaa hedifoni. Tunataka kukusaidia. Ukisikia sauti, inua mkono."

Mzee Ireri alinitazama. Akaelewa kwamba nimesema. Alivaa hedifoni na kuketi wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Kirungu kilikuwa upande wa kushoto, kwenye sauti nzito, mlemle unamokaa mvumo wa umeme. Ningebonyeza hapo angeinua mkono mara moja, na angeinua kila mara. Halafu mtu mmoja angeuliza: kama mzee anausikia mvumo vizuri hivi, basi mvumo ule ulitoka wapi? Nilikizungusha hadi mwisho upande wa kulia. Huko ndiko nilikobonyeza.

Hakuinua mkono. Nilibonyeza tena. Hakuinua. Nilipandisha sauti mpaka mtangazaji aliyesimama mlangoni akasikia ikivuja kwenye hedifoni, akakunja uso. Mzee Ireri alikaa tu. Macho yake yalikuwa kwenye sikio langu. Alikuwa anangoja herini. Nilijua anachongoja, na nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya mashine nikaiacha hapo.

Kisha, mimi sijabonyeza kitu, kidole kikiwa kimepumzika, akainua mkono.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Si kwa ubaya, nadhani; kile kicheko cha mtu aliyeshikwa na woga. Wengine wakafuata.

"Mzee," Bwana Kirimi akasema kwa upole, "hapo hapakuwa na kitu."

"Ah," Mzee Ireri akajibu. "Nilidhani."

Bwana Kirimi akanigeukia. Spika ilikuwa wazi, kwa hiyo hata aliye ndani alisikia. "Umepiga zote? Nzito na nyembamba?"

"Zote," nikasema.

Mzee Ireri alivua hedifoni akazitundika kwenye msumari wake. Alitoka, akamsalimia Bwana Kirimi kwa mkono kama mtu anayeaga msibani, akaenda kuchukua koti. Aliponipita aliniuliza, "Ile ekstensheni ndefu uliirudisha?"

"Iko stoo, Mzee."

Akatikisa kichwa. Hiyo ndiyo siku yake ya mwisho kwenye jengo letu. Hakuna aliyemfukuza. Bwana Kirimi aliandika barua nzuri sana ya shukrani.

Niliwekwa mahali pake. Sitawachosha na vyeo vilivyofuata, mnavijua, vilisomwa siku ya kuniaga. Niwaambie tu nilivyoongoza. Bwana Kirimi alipokuwa safarini, mimi ndimi niliyeendesha Kioo. Nilikuwa hodari. Nilijua kuuliza swali kwa sauti ya chini. Nilijua kungoja kimya kikae mpaka mtu aliye ndani aanze kujaza mwenyewe. Wapo kati yenu niliowatoa machozi humo, na jioni nikawanunulia soda nikidhani hiyo ni malezi.

Mmoja alikuwa Mwenda, fundi kijana kutoka Timau, aliyeacha maiki bila betri mpya katika harusi tuliyokuwa tukiirekodi. Nilimwuliza maswali yangu yote. Mwishoni nikamwuliza kama ana jambo la kusema. Akasogea kwenye maiki.

"Madam Kagendo, na wewe uliingia hapa lini?"

Nilisema kikao kimeisha. Wiki iliyofuata nilimhamishia kwenye mnara wa kurushia matangazo, juu mlimani, alinde jenereta. Alikaa huko miezi minne kisha akaacha kazi. Nilisikia anauza vifaa vya umeme mjini Meru. Nikipita mtaa ule huvuka upande wa pili.

Bwana Kirimi naye aliondoka, wamiliki walipotaka sura mpya. Alikatiwa keki, akalia. Mkurugenzi tuliye naye sasa alifuta Kioo wiki ya kwanza na kuweka sanduku la maoni. Nampongeza. Lakini nimekaa kwenye vikao vyake na nimewaona. Akiuliza nani alikosea, bado mnatazama sakafu. Sanduku la maoni hufunguliwa kila mwezi, na ndani mna karatasi za kuomba sukari zaidi kwenye chai. Sisi ndio tuliowafundisha hivyo, na mimi zaidi kuliko wengi.

Siku ya kuniaga, mshereheshaji alisema nilifundishwa na Mzee Ireri wa Embu, gwiji, na kwamba nilimheshimu mwalimu wangu mpaka mwisho. Mlipiga makofi. Nilikuwa na kipande cha keki mdomoni. Nilikitema kwenye kitambaa cha karatasi.

Ndiyo sababu, mhariri aliponiomba mawaidha, nilienda Embu kwanza.

Mzee Ireri anaishi juu ya soko la Manyatta, katikati ya majani chai, na mtoto wake wa kiume na mke wa mtoto huyo, mwanamke mpole anayeitwa Wawira. Wawira alinipokea langoni kwa mikono miwili. Aliniita mama. Alinipeleka hadi kwenye kiti nje ya nyumba, ambapo mzee alikuwa ameketi kwenye jua na blanketi magotini. Alinitambua mara moja.

"Kagendo wa Laare," akasema. "Umenenepa."

Nilicheka. Nikaketi karibu, nikaanza kwa sauti ya chini, kama mtu anavyosema jambo la aibu.

"Sikusikii," akasema. "Sema kwa nguvu. Haya masikio yameshuka siku hizi."

Nikapandisha sauti. Bado akatikisa kichwa. Chini ya nyumba, hatua chache, kulikuwa na wanawake watatu wakichuma chai, na Wawira alikuwa jikoni na mlango wazi. Nilisimama, nikasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto: "Mzee, ule mvumo ulikuwa wangu. Nilichomeka kwa jengo."

Wanawake wale waliacha kuchuma.

"Hiyo najua," akasema. "Niligeuka nikakuona ukikimbia na ekstensheni. Nilikuuliza kuhusu ekstensheni, wewe ukanijibu kuhusu stoo."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulikuwa na miaka mingi mbele. Nikasema basi, atasema mwenyewe siku moja." Aliangalia majani chai yake. "Hiyo ilinitoka rohoni zamani. Keti."

Ningeketi. Wawira alikuwa anatoka na birika, jua lilikuwa zuri, na mzee alikuwa amenipa mlango wa kutokea kama alivyokuwa akiandika "Kimeungua" kwenye lile daftari. Mpaka leo sijui nilipata wapi nguvu ya kubaki nimesimama.

"Kuna ingine," nikapaza. "Siku ya kukupima. Sikupiga sauti zote. Nilipiga zile nyembamba tu. Nzito sikupiga hata moja. Nilijua utazisikia."

Nilidhani hakusikia, nikafungua mdomo kurudia. Akainua kiganja.

"Nimesikia."

Alivuta blanketi, akaliachia.

"Uliambiwa, umepiga zote? Wewe ukasema zote."

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi niliamini mashine," akasema. "Nilijiambia, ule mvumo wa uwanjani niliuhisi kifuani tu, kumbe masikio yamekufa hata chini. Hapa kanisani waliniomba niwawekee mitambo. Nikakataa. Watoto wa kwaya walikuja hapa na mwalimu wao, niwafundishe. Nikawaambia mimi ni kiziwi, nitawaharibia. Shule nayo ikaomba. Miaka yote hiyo, Kagendo. Ningeweza kufanya mambo mengi na masikio yale."

"Nisamehe, Mzee."

"Na nikainua mkono," akasema, kama hakunisikia, na huenda hakunisikia. "Sijawahi kudanganya kuhusu sauti maishani. Siku ile nilidanganya, mbele ya watu niliowafundisha, kwa sababu nilikuangalia nikaona unaniacha. Hiyo ndiyo sikuwahi kumwambia hata mke wangu, mpaka akafa."

Alishika fimbo yake, akanyanyuka polepole. Nilitaka kumshika kiwiko akakisogeza. Aliingia ndani. Nilisikia mlango wa chumba ukifungwa, si kwa kishindo, ukifungwa tu.

Wawira alitoka na kikombe kimoja.

"Mzee amesema unywe chai," akasema, "ndio uende."

Nilikunywa nikiwa nimesimama. Ilikuwa chai nzuri ya maziwa, ya moto, na niliimaliza yote kwa kuwa ndivyo alivyosema. Wanawake walikuwa wamerudi kwenye kazi yao bila kuzungumza. Nilimrudishia Wawira kikombe, nikamshukuru. Akakipokea kwa mkono mmoja, akageuka nacho jikoni.

Kwetu Meru, na kwao Embu ni vivyo hivyo, mgeni husindikizwa. Hata mwenye deni, hata uliyegombana naye, utatembea naye hadi langoni mkizungumza habari za mvua. Nilisimama kidogo nikingoja, kwa mazoea. Kisha nikashuka ile njia ya katikati ya chai peke yangu, nikalifungua lango mwenyewe, nikalifunga nyuma yangu.